Gari Lisilo na Mdhamini: Historia ya Gharama za Matengenezo Afrika Mashariki

Kiswahili kina neno moja, dhamana, ambalo limebebeshwa kazi nyingi. Mshtakiwa hutoka mahabusu kwa dhamana. Waziri huitwa mwenye dhamana ya sekta fulani. Mkopaji huweka hati ya kiwanja benki kuwa dhamana, na muuza majokofu wa Kariakoo humwandikia mteja dhamana ya mwaka mmoja kwenye risiti. Katika matumizi yote hayo kuna mtu anayesimama nyuma ya mwingine, au nyuma ya kitu, akakubali kubeba mzigo mambo yakiharibika. Historia ya gari la binafsi katika Afrika Mashariki inaweza kusomwa kwa swali hilohilo: likiharibika, nani anasimama nyuma yake?

Nauliza kwa sababu mjadala wetu kuhusu magari hukomea bandarini. Tunabishana juu ya ushuru wa forodha, umri wa gari na ukubwa wa injini, kisha gari likishavuka geti la bandari tunanyamaza. Hapo ndipo gharama nyingine huanza, nayo haimo katika hotuba ya bajeti wala katika hati ya mshahara ya mtumishi aliyekopa ili anunue gari hilo.

Dhamana ya kiwanda yenyewe haina umri mrefu. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, mnunuzi wa gari jipya nchini Marekani alipewa kwa kawaida siku 90 au maili 4,000, basi. Baada ya hapo gari lilikuwa lake na shida zake. Mageuzi makubwa yalikuja na magari ya Chrysler ya mwaka 1963, yaliyouzwa kwa ahadi ya miaka mitano au maili 50,000 kwa injini na mfumo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu. Kampuni hiyo haikuwa imeongokewa ghafla. Ilikuwa inapoteza wateja, na dhamana ilikuwa njia ya kuwarudisha. Washindani wake walilazimika kuifuata. Mwisho wa muongo huo, gharama za kutimiza ahadi zilipowaelemea, watengenezaji walianza kuzipunguza, na malalamiko ya wanunuzi yakajaa hadi Bunge la Marekani likapitisha sheria ya mwaka 1975 ijulikanayo kama Magnuson-Moss. Sheria hiyo haikumlazimisha mtu kutoa dhamana. Ilimlazimisha anayeitoa aiandike kwa lugha inayoeleweka, na ikamkataza kumfunga mteja kwenye spea za kampuni fulani kama sharti la dhamana kuendelea kuwa hai.

Hyundai walirudia mchezo huo mwaka 1998. Waliingia soko la Marekani mwaka 1986 kwa gari la bei ndogo, wakajipatia sifa mbaya ya ubora, kisha wakajaribu kuifuta sifa hiyo kwa ahadi ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi. Lakini ahadi hiyo kamili ilikuwa ya mmiliki wa kwanza. Gari likibadili mikono, ilipungua. Msomaji aitunze nukta hiyo, maana Afrika Mashariki si mmiliki wa kwanza.

Katikati ya visa hivyo viwili, mwaka 1970, mwanauchumi George Akerlof alichapisha makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ilikuwa kwamba muuzaji analijua gari lake na mnunuzi halijui. Kwa hiyo mnunuzi, akihofia kuuziwa bovu, hutoa bei ya gari bovu, na wenye magari mazuri hujitoa sokoni. Dhamana aliitaja miongoni mwa taasisi zinazoweza kuliokoa soko la namna hiyo. Makala hayo yalichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Wanafunzi wangu wa uchumi huyasoma kana kwamba yanahusu Marekani pekee, ilhali dirisha la darasa letu linatazama yadi ya magari.

Huku kwetu gari halikupata kuwa na mdhamini wa kiwandani kwa maana hiyo, isipokuwa kwa wachache. Wakati wa ukoloni mawakala wa magari walikuwa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, nao waliwahudumia maofisa, walowezi na makampuni. Nje ya miji hiyo, gari lilipona mikononi mwa fundi. Wengi wa mafundi wa kwanza walikuwa Wahindi, hasa Masingasinga, ambao jamii zao zilikuja na ujenzi wa reli na ufundi wa chuma. Vijana wa Kiafrika waliingia katika gereji hizo kama vibarua wa kushika spana na kuosha vyuma kwa petroli, wakatoka wakiwa mafundi. Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, anaifuatilia historia hiyo kwa upande wa Tanzania, na anaonyesha kwamba gereji haikuwa pembezoni mwa teknolojia ya gari bali ndipo gari lilipofanywa kuwa la Kiafrika. Nakubaliana naye, ingawa naona tunahitaji kumhesabia pia mwenye gari aliyelipa ankara.

Kuna kisa kimoja cha enzi hizo ambacho husimuliwa kama habari ya michezo tu. Mbio za Safari Rally zilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ndizo zilizowaambia watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika gari gani linastahili kununuliwa. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Datsun wakashinda mwaka 1970, 1971 na 1973. Haikuwa ajabu kwamba Peugeot na Datsun zilitapakaa katika barabara zetu. Tope la Pasaka lilikuwa tangazo zuri kuliko gazeti. Lakini mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi aliyekulia katika gereji, akiendesha na mdogo wake gari la Volvo PV544 lililokuwa limeshatumika katika mashindano na timu ya kiwanda. Gari la mtumba, likafunguliwa, likarekebishwa na mikono iliyolijua, likayapita mapya. Tungekuwa na desturi ya kusimulia historia ya ufundi wetu, kisa hicho kingekuwa katika vitabu vya shule.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania ilijaribu kujibu swali la mdhamini kwa njia nyingine kabisa. Gari la binafsi lilitazamwa kwa mashaka. Wenye kupanda Mercedes-Benz walipewa jina la kabila lao wenyewe, Wabenzi. Uagizaji wa magari na spea uliwekwa chini ya shirika la umma, State Motor Corporation, na mabasi ya Dar es Salaam yakawa chini ya UDA kuanzia mwaka 1974. Mantiki yake ilikuwa wazi: taifa lenye fedha kidogo za kigeni lipeleke fedha hizo kwenye basi, lori na trekta kabla ya gari la mtu mmoja. Binafsi naona mantiki hiyo haikuwa ya kipuuzi, na wanaoicheka leo wangepaswa kutueleza foleni ya Barabara ya Morogoro inamnufaisha nani.

Kilichoiangusha ni spea. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Katikati ya hayo kulikuwa na vita dhidi ya Idi Amin, 1978 hadi 1979. Fedha za kigeni zikakauka. Basi lililokosa pampu ya maji lenye thamani ndogo liliegeshwa, likawa ghala la spea za basi jingine, na baada ya muda yote mawili yakawa vyuma. Kuendesha gari la binafsi Jumapili alasiri kulipigwa marufuku ili kuokoa mafuta, lakini mengi ya magari hayo yalikuwa yamesimama tayari.

Mwenye gari wa wakati huo aliishi kwa kufahamiana. Alihitaji mtu anayesafiri nje, mtu aliyeko shirika la umma, na fundi mwenye subira. Gasketi zilikatwa kwa mkono, bushi zilichongwa kutoka mpira wa tairi kuukuu, rejeta ilichomelewa mara ya tano na ya sita. Gerezani, Dar es Salaam, na Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo watu bado huiita Grogani kwa jina lake la kikoloni, zikawa vyuo visivyo na vyeti. Upande wa Kenya serikali ilianza katikati ya miaka ya 1980 kuwatambua wafanyakazi wa jua kali kama sehemu ya uchumi. Upande wa Tanzania tulikuwa na SIDO tangu mwaka 1973, lakini fundi wa gari aliendelea kuhesabiwa kama mtu anayeziba njia, wa kuhamishwa kila mji unapopangwa upya.

Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 1984, pale Serikali ya Tanzania ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo zimetoka wapi. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka, Ali Hassan Mwinyi akaingia, na mwaka 1986 yakatiwa saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Watu wakampa Mwinyi jina la Mzee Ruksa. Ruksa hiyo ilikuja na nguo za mitumba, televisheni, na magari: kwanza kupitia Dubai na Zanzibar, kisha moja kwa moja kutoka Japani.

Kwa nini Japani? Jibu la kwanza ni usukani. Waingereza walituachia kuendesha kushoto, na Wajapani nao huendesha kushoto, kwa hiyo gari la Yokohama linaingia Mombasa bila kugeuzwa chochote. Jibu la pili linahusu moja kwa moja dhamana. Sheria ya Japani ya mwaka 1951 ndiyo msingi wa ukaguzi uitwao shaken. Gari jipya la binafsi hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo huambatana na kodi ya uzito na bima ya lazima. Dhamana ya kawaida ya watengenezaji wa huko ni miaka mitatu au kilomita 60,000. Kwa injini, giaboksi na sehemu nyingine nyeti ni miaka mitano au kilomita 100,000. Gari la petroli likivuka miaka 13, kodi huongezwa. Sera hizo zote zinamwambia Mjapani jambo moja: uza mapema. Anapouza, gari huenda mnadani, na kutoka mnadani huenda melini.

Kwa maneno mengine, gari linatufikia kwa sababu dhamana yake imekwisha. Bei yake nafuu ndiyo bei ya kuukosa ulinzi huo, na anayeliita gari hilo la bei rahisi anahesabu nusu ya bei. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani, na karibu asilimia 40 yalikuja Afrika. Ripoti hiyo ilijikita katika moshi na ajali, kama ilivyostahili. Haikuuliza nani analipia shokapu.

Magari hayo yalikuja na alama za maisha yake ya kwanza. Redio zake zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya Japani, yaliyoishia 90, ilhali stesheni zetu huenda hadi 108. Biashara ndogo ya kifaa cha kuongeza masafa ikazaliwa kutokana na tofauti hiyo tu. Skrini za dashibodi zilitoa maonyo kwa Kijapani, na mwenye gari akajifunza kuyapuuza maonyo asiyoyasoma. La uzito zaidi lilikuwa injini zenyewe. Fundi aliyekuwa bingwa wa kabureta, aliyeisikiliza Peugeot 504 na kujua plagi ipi imechoka, alikutana na injini inayoongozwa na kompyuta. Sikio halikutosha tena. Zilihitajika mashine za kupima, nazo zilikuwa na bei, na asiyekuwa nazo alibahatisha kwa fedha ya mteja: badilisha sensa hii, isipopona tujaribu ile.

Hapo ndipo gharama isiyotarajiwa ilipochukua sura tunayoijua. Tuchukue mkanda wa taimingi. Kwa injini nyingi za Toyota za miaka ya 1990 zilizokuwa na mkanda huo, maelekezo yalikuwa kuubadilisha kwenye kilomita 100,000, yaani palepale dhamana ndefu ya Kijapani inapoishia na palepale gari linapouzwa. Mmiliki wa kwanza hakuwa na sababu ya kuubadilisha. Mmiliki wa pili haoni kama umechoka, hasa kama kilomita zimerudishwa nyuma njiani. Ukikatika, katika baadhi ya injini valvu hugonga pistoni, na kazi ya siku moja inageuka kuwa ununuzi wa injini nzima. Au tuchukue mpira wa rejeta unaovuja. Maji yanapungua, injini inachemka, gasketi ya silinda inaungua, kichwa cha injini kinapinda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini walidhani mwenye nyumba anauona ufa.

Serikali zetu ziliitikia kwa kutazama umri. Kenya, kwa kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000, iliweka ukomo wa miaka minane. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye miaka 15 au zaidi. Tanzania haikuweka ukomo bali iliongeza ushuru kwa gari lililovuka miaka minane, juu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Hatua hizo zina hoja zake za mazingira na usalama. Hata hivyo, kwa mtazamo wa mnunuzi, ushuru wa uchakavu ni adhabu anayopewa kwa kosa la kipato. Anailipa bandarini, kisha anaulipia uchakavu wenyewe gereji. Na hakuna hata senti moja ya ushuru huo inayorudi kumfundisha fundi kusoma kompyuta ya gari au kumbana muuza spea feki.

Serikali yenyewe inaelewa vizuri tatizo hili linapohusu magari yake. Tangu mwaka 2005 Tanzania ina TEMESA, wakala wenye jukumu la kuyatengeneza magari ya umma, na kuna taratibu za kuyauza kwa mnada yanapokuwa mzigo. Yaani taasisi kubwa kuliko zote nchini, yenye mafundi, mikataba na kasma ya matengenezo, hufika mahali ikasema gari hili linanila, liuzwe. Anayelinunua mnadani ni raia asiye na kasma.

Sipendi hadithi inayomfanya fundi kuwa mwizi. Ni kweli wapo wanaofungua kifaa kizima na kurudisha kibovu, na kila mwenye gari ana simulizi lake. Lakini fundi wa chini ya mwembe hana bima, hana pensheni, hana kitabu cha mtengenezaji, na spea anayoletewa na mteja huenda ni feki iliyofungwa kwenye boksi zuri. Uhusiano wake na mteja ndio dhamana pekee iliyobaki sokoni. Ndiyo maana watu husema "fundi wangu" kama wanavyosema daktari wangu, na humfuata hata akihamishiwa pembezoni mwa mji. Marekani, jimbo la Massachusetts lilipitisha mwaka 2012 sheria inayowapa mafundi huru haki ya kupata taarifa za utengenezaji zilezile wanazopata mawakala. Ulaya ina kanuni zinazoelekea hukohuko. Sisi, ambao karibu magari yetu yote yanatengenezwa na mafundi huru, hatuna sheria ya aina hiyo, na sijaona chama cha siasa kilichoiweka katika ilani. Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inamgusa mlaji kwa ujumla. Muuza gari la mtumba huandika kwamba mali imeuzwa kama ilivyo, na mnunuzi husaini.

Wapo watakaosema mwenye gari si mnyonge, na kwamba mwanaharakati ana watu wenye shida zaidi wa kuwatetea. Lakini mwalimu anayenunua Vitz kwa mkopo hafanyi hivyo kwa anasa. Tangu daladala ziliporuhusiwa mwaka 1983 kuziba pengo la UDA, usafiri wa miji yetu umekuwa shughuli ya kila mtu kujitafutia, na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 bado hayafiki anakoishi. Gari lake ni mchango wake binafsi katika huduma ambayo umma ulijitoa. Rejeta ikipasuka, mshahara wa mwezi huo unafanya kazi ambayo zamani ilikuwa ya bajeti ya taifa.

Sasa linakuja wimbi jingine. Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1997, Nissan Leaf mwaka 2010, na magari ya namna hiyo, yenye betri kubwa, yameshaanza kushuka katika bandari zetu yakiwa yametumika. Watengenezaji wengi huidhamini betri ya gari la umeme kwa miaka minane au kilomita 160,000. Miaka minane ndiyo pia ukomo wa Kenya wa kuingiza gari. Kwa hiyo gari la umeme la bei nafuu kuliko yote linaloruhusiwa kisheria kuingia Mombasa ni lile ambalo dhamana ya betri yake inakaribia kuisha siku linaposhushwa melini, na betri hiyo ndiyo kifaa chake cha bei kubwa kuliko vyote. Mafundi wachache wa Nairobi na Dar es Salaam wameanza kuzifungua betri za haibridi na kubadilisha seli moja moja, kwa kujifundisha wenyewe, kama baba zao walivyojifundisha kukata gasketi.